Digrii Kumi na Moja Kushoto

Kabla kompyuta hazijatutupa mtaani, kazi yangu ilikuwa kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha uchapaji. Ndiyo maana hadi leo watu wananiita Herufi, na wenye adabu huniita Mzee Herufi. Naitaja kazi hiyo mapema kwa sababu bila yake haya yasingetokea, na pia kwa sababu nilikuwa fundi mzuri, wala sioni haya kusema. Kosa la herufi moja nililiona nikiwa bado mlangoni. Mke wangu naye alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja, kusoma na kuandika, na mtaa mzima unamwita Mwalimu, nami nikiwemo. Watu wawili waliozeeka na herufi namna hiyo, nani angedhani watakuja kushindwa na kushoto na kulia?

Miaka mitatu iliyopita Mwalimu aliota uvimbe kwenye uti wa mgongo. Wakampasua, wakautoa, tukashukuru, lakini miguu haikurudi. Kuanzia kiunoni kwenda chini anasema anahisi vitu kwa mbali, kama mtu anayeguswa juu ya blanketi nene. Kiti cha magurudumu alikichukia miezi sita, kisha akakishinda. Sasa anakwenda nacho mwenyewe hadi duka la kona, anapita kwenye mteremko wa saruji nilioujenga na kuubomoa mara tatu mpaka akaridhika nao, anagombana na muuza duka juu ya mizani, anarudi na sukari mapajani. Kusukumwa hataki. Nikigusa tu vishikio vya nyuma huniuliza kama nimechoka kuishi. Nasema haya mjue kile kiti kilikuwa nini kwake.

Mwaka huu binti yetu, anayeishi nchi nyingine, akatuandikisha kwenye kliniki inayowahudumia wazee wa viti vya magurudumu kwa mbali. Mtaalamu wao wa viungo alikuja mwenyewe mara moja tu. Ni dada mpole, mikono yake haina papara. Alimpima Mwalimu, akaona anaegemea kulia kidogo, akaweka kabari ya sponji ngumu, unene wa kidole, chini ya mto wa kiti upande wa kulia. Akatuachia kabari nyingine nne na tableti moja. Tangu siku hiyo tukawa tunamsikia kwa sauti tu. Sisi tulimwita daktari, naye hakukataa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi, nampiga Mwalimu picha ya mgongo akiwa ameketi, kisha naituma. Mtandao wa mtaani kwetu hauwezi video, ukijaribu unaganda mtu akiwa ameachama. Programu ya kliniki inafuta kila kilichomo nyumbani, ili siri za watu zisionekane, inamwacha mgonjwa na kiti chake peke yao kwenye weupe. Inachora mstari kutoka bega hadi bega, inaandika ameinama digrii ngapi na upande gani. Daktari akishaiona anapiga simu kutuambia la kufanya. Ni kitu kizuri, na hata baada ya yaliyotukuta bado nasema ni kitu kizuri.

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Nilisimama nyuma ya Mwalimu, nikapiga. Tatizo likawa mdomo. Mwalimu hawezi kutulia mtu akiwa nyuma yake, ni ugonjwa wa walimu wote. Kila nikitaka kupiga aligeuza shingo kuniuliza nafanya nini huko, na mabega yakapinda. Daktari akaomba awepo mtu mbele yake wa kuzungumza naye, ili atazame mbele. Nyumba ina watu wawili, huyo mtu atoke wapi?

Niliumiza kichwa siku nzima, nikapata dawa. Niliisimamisha tableti kwenye rafu ya vyombo nyuma ya Mwalimu, nikaiwekea sekunde kumi ijipigie yenyewe, kisha nikabonyeza kile kialama cha mishale miwili inayofukuzana, ambacho huifanya skrini ikutazame wewe unayepigwa. Mimi nikaketi kwenye stuli mbele ya Mwalimu, nimeupa mgongo ukuta wenye kalenda. Juu ya kichwa chake niliiona skrini yote: mgongo wake, magurudumu mawili, uso wangu kwa mbele, na kalenda nyuma yangu. Tukazungumza habari za bei ya mafuta ya taa, tableti ikapiga picha, kazi ikaisha. Nilijisifu sana. Hata daktari sikumwambia, maana nani hupiga simu kutangaza kwamba amehamisha stuli?

Kabla ya kutuma niliikagua kila picha, kama nilivyokagua kurasa kiwandani. Niliikuza, nikaangalia magurudumu yameingia yote, nikasoma kalenda kuhakikisha mwezi ni wenyewe, maana kuna siku nilituma ya zamani nikaaibika. Kila picha niliyotuma niliisoma. Naomba mlikumbuke hilo.

Picha ya kwanza ya mtindo wangu mpya ilirudi imeandikwa digrii tatu kushoto. Daktari alishangaa, ila akapata sababu. Kabari ya kulia imezidi nguvu, alisema, imemvusha upande wa pili, basi niitoe. Nikaitoa. Picha iliyofuata ikasema digrii tano kushoto. Akasema sasa tumwinue kushoto, niweke kabari moja upande huo. Nikaweka. Digrii saba. Akasema mbili. Nikaweka mbili. Digrii tisa. Akasema tatu. Nikaweka tatu. Digrii kumi na moja. Kadiri tulivyomwinua kushoto ndivyo picha zilivyoonyesha anaangukia kushoto, na hilo ni sawa na kuweka jiwe chini ya mguu mfupi wa meza ukaona meza inazidi kulala upande ule ule. Sikuelewa. Daktari naye hakuelewa, na nilimsikia akijitahidi nisijue.

Akaniuliza kwa upole kama kweli ninaweka upande wa kushoto wa mama. Nilikasirika. Nikamwambia siku ile ile aliyoondoka nilifunga uzi mwekundu kwenye egemeo la mkono wa kushoto la kiti, kushoto kwa aliyeketi, ili pasitokee ubishi. Akaomba radhi. Simu iliyofuata akauliza tena.

Sasa na Mwalimu. Yeye tangu kabari ya kulia ilipotoka alisema neno moja, na hakulibadilisha hata siku moja.

"Mnanisukuma kulia."

Nilimwambia picha inasema kushoto. Akasema picha haiketi kwenye kiti. Nikamwambia daktari ana vipimo. Akasema hajabisha, ila mbavu zake za kulia zinasugua egemeo la mkono, na hizo mbavu anazihisi vizuri, haziko chini ya blanketi. Wakati wa kumwogesha nikaangalia. Kweli palikuwa na alama nyekundu, ndefu kama kidole, upande wa kulia. Nikampigia daktari kumweleza.

"Kulia kwake au kulia kwako, mzee?" akauliza.

Nikasema kwake. Akauliza kama nina hakika. Nilikuwa nimesimama ukumbini na simu sikioni, nikajaribu kumweka Mwalimu mbele yangu kwa mawazo, kisha nikamgeuza anipe mgongo, kisha nikajigeuza mimi, na alama ikahamahama mpaka sikujua imeishia wapi. Nikasema labda. Neno hilo nililisema mimi kwa kinywa changu, na mpaka leo linaniuma.

Msidhani sikujaribu kujithibitishia. Nilifanya hivyo kila siku. Niliketi mbele ya Mwalimu nikamtazama anaegemea wapi, nikaona wazi anaegemea upande wa mkono wangu wa kushoto. Nikainua macho kwenye skrini nyuma yake, nayo ikamwonyesha anaegemea kushoto. Vikalingana. Macho yangu na mashine vilikuwa vinasema jambo moja, na aliyepinga alikuwa mmoja tu, naye mgonjwa. Halafu nikakumbuka kuwa mtu aliyekukabili kulia kwake ndiko kushoto kwako, nikasema aa, basi Mwalimu yuko sawa. Halafu nikakumbuka picha ni ya mgongo, na ya mgongo haibadilishi upande, nikasema la, basi picha ndiyo iko sawa. Lakini vipi vyote viwili vilingane? Siku moja nilisimama katikati ya ukumbi nimeinua mkono mmoja, najizungusha polepole kutafuta kushoto, Mwalimu akatokea mlangoni.

Akauliza kama ni ngoma au ni kizunguzungu. Nikasema nanyoosha mgongo. Akapita zake, na niliona jinsi alivyolazimika kusukuma gurudumu la kulia kwa kiwiko kilichobanwa.

Kilichonimaliza kilikuwa simu ya Jumatatu ya wiki ya sita. Daktari aliniomba nitoke nje ya chumba. Nikaenda kusimama jikoni. Akasema amezungumza na wenzake. Akaeleza kwamba kuna wagonjwa ambao mwili unapoteza habari ya katikati yake. Mtu anainama upande mmoja na kuapa anasukumwa upande wa pili. Haongopi, ndivyo anavyohisi. Kwa hiyo mama kusema anaegemea kulia wakati picha zinaonyesha kushoto, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Na pengine uvimbe umerudi, itabidi apigwe picha za uti wa mgongo hospitalini, nafasi ni mwezi ujao. Kwa sasa kile kiti si salama kwake. Akienda peke yake dukani anaweza kupinduka barabarani. Watamletea kiti kingine Alhamisi, cha kulaza mgongo, chenye magurudumu madogo.

Nikauliza anakisukumaje mwenyewe.

"Hakisukumi mwenyewe, mzee. Utamsukuma wewe."

Niliogopa uvimbe, hilo halina mjadala, lakini kilichonijia kwanza ni sura ya Mwalimu akiwa amelazwa chali, magurudumu hayafiki mikononi, ananisubiri mimi nimpeleke akagombane na muuza duka. Jioni hiyo binti yetu naye akapiga, ameshaambiwa, analia, anasema Baba usimsikilize Mama safari hii, unajua alivyo. Nikasema najua alivyo.

Mwalimu nilimwambia nusu ya habari, ile ya kiti. Ya uvimbe nilimeza. Hakupiga kelele. Alikaa akitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba katika wiki sita hizi amezungumziwa na watu watatu na hakuna hata mmoja aliyemwambia kaa vizuri tukusikilize. Nikamwambia sisi sote tunampenda. Akasema hakuuliza hilo.

Kuna jambo jingine lazima niliseme. Picha zile sikumwonyesha hata moja. Aliziomba mara mbili tatu, nikasema zimeshatumwa, kana kwamba zikitumwa zinatoka ndani ya tableti. Sikutaka ajione. Mwanamke aliyesimama wima mbele ya watoto miaka thelathini na mmoja, leo bega moja liko juu na jingine chini kama hanga ya nguo iliyopinda. Mimi mwenyewe nikizikagua nilitazama magurudumu na kalenda, yeye nikamkwepa. Nilidhani huo ni upendo.

Alhamisi saa nne asubuhi dereva wa kliniki akaleta kiti. Kilikuwa bado kwenye nailoni yake, kirefu, kina mito ya kichwa na mikanda miwili ya kifuani. Ukumbi wetu ni mwembamba, kikauziba. Dereva akaniachia karatasi ya kusainiwa na mgonjwa, akasema ataifuata kesho pamoja na kiti cha zamani, akaondoka. Nikaipeleka sebuleni na kalamu.

Mwalimu hajawahi kusaini kitu asichokisoma. Aliisoma yote, kidole kikifuata mstari. Ilisema kwamba kwa mujibu wa picha kumi na saba zilizopokelewa, mgonjwa ameonekana kuinama hadi digrii kumi na moja kushoto, hivyo anakubali kwa hiari kubadilishiwa kiti. Akaiweka mapajani.

"Nionyeshe hizo picha," akasema.

Nikaanza ile hadithi yangu ya kutumwa. Akanyoosha mkono tu, kiganja juu, na kuuacha hapo, kama anayesubiri mtoto atoe kitu alichoficha mdomoni. Nikampa tableti. Akavaa miwani yake ya kusomea.

Nilisimama dirishani kwa aibu. Nilimsikia akipeleka kidole, picha baada ya picha. Zile zilikuwa picha zenyewe, kabla programu haijazifuta, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwemo. Alikaa nazo muda mrefu. Nilifikiri analia, nikageuka, nikamkuta amekunja uso kwa namna ninayoijua, namna ya mtu mwenye kalamu nyekundu.

Akaikuza moja, akanielekezea. Akaniambia nisome kalenda.

Nikaisoma. Agosti, na chini yake, Duka la Vifaa vya Shule, Bei Poa, Karibuni.

Akaniambia nisome sasa ile ya ukutani. Nikageuka nikaisoma. Agosti, Duka la Vifaa vya Shule, Bei Poa, Karibuni. Nikamwambia ni ile ile.

"Huoni tofauti?"

Nikazitazama zote mbili, ya kwenye picha na ya ukutani, kwa dhati kabisa. Sikuona tofauti. Nikahisi hofu, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa huruma, na mimi nikawaza basi ndiyo hiyo, daktari alisema kweli, ugonjwa umepanda kichwani. Nikaanza kumwambia apumzike.

Hakubishana. Aliigeuza ile karatasi ya kusaini, akachukua kalamu, na kwa mwandiko wa ubaoni akaandika neno Agosti mara mbili, moja juu ya jingine. La chini aliliandika akitazama ukutani. La juu aliliandika akitazama picha, polepole, herufi moja moja, akianza na A mkono wa kulia na kumaliza na i mkono wa kushoto, g ikiwa imeupa mgongo upande wake, t ikiwa na mkia uliokwenda kinyume.

"Mtoto wa darasa la kwanza akiniandikia hivi," akasema, "namwambiaje?"

Hapo ndipo nilipoliona. Si kwa macho, maana macho yalikuwa yamelisoma vizuri tu. Niliiona mikono yake ikiandika kinyume, nikakumbuka mikono yangu. Miaka thelathini na minane nilishika herufi za risasi zilizotazama nyuma, nikapanga mistari iliyogeuka, nikasoma kurasa nzima zikiwa zimegeuka kabla hazijagusa karatasi. Maandishi yaliyogeuzwa kwangu si mageni, ni maandishi tu. Mtu mwingine yeyote duniani angeipiga jicho moja ile kalenda akauliza mbona picha imegeuka. Kliniki wao hawakuiona, programu iliifuta. Aliyeiona ni mimi peke yangu, mara kumi na moja, na kila mara niliisoma, nikaridhika, nikatuma. Nyani haoni kundule, wanasema.

Ile mishale miwili inayofukuzana ilikuwa ikigeuza picha kama kioo. Kulia kwake kukawa kushoto. Kila kabari niliyoiweka ilikuwa inamsukuma pale pale alipokuwa anasema tunamsukuma. Na nilipokaa mbele yake kulinganisha, skrini ililingana na macho yangu kwa sababu hiyo hiyo.

Niliketi kwenye stuli. Nikamweleza yote, hata la uvimbe, hata lile neno labda nililomwambia daktari kuhusu mbavu. Nilidhani atanitukana na nilitaka anitukane. Aliuliza jambo moja, kama uvimbe ulisemwa kwa sababu ya hizi picha tu au kuna kingine. Nikasema hizi tu. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu mpaka miwani ikatelemka puani, na nikajua kwamba siku zote hizi naye alikuwa akiogopa kitu kile kile, peke yake, huku mimi nikidhani nimemficha.

Tulimpigia daktari. Nilimweleza vibaya, nikachanganya mambo, stuli, rafu, risasi, darasa la kwanza, akaniomba nianze upya. Nilipofika kwenye mishale miwili akanisimamisha. Kisha akauliza nilianza lini. Nikamtajia siku. Nikasikia anahesabu picha chinichini. Akaniambia niachane na rafu, nisimame nyuma ya mama kama zamani, nipige sasa hivi. Mwalimu safari hii hakugeuza shingo. Picha ikarudi: digrii kumi na moja kulia.

Daktari akaanza kuniomba radhi mimi. Akasema angepaswa kuja mwenyewe mara ya pili, angepaswa kuuliza picha zinapigwaje. Nikamkatiza, nikamwambia mwenye mbavu yupo hapa, amwambie yeye, nikampa Mwalimu simu. Sikusikia upande wa pili ulisema nini. Nilimsikia Mwalimu tu akisema haya mwanangu, haya, tumekosea wote, na kisha, kwa sauti ile ya darasani, kwamba picha za uti wa mgongo atakwenda kupiga mwezi ujao vilevile, kwa sababu si mjinga, lakini atakwenda ameketi kwenye kiti chake. Na kwamba lori lao lije kesho likiwa tupu.

Kilichobaki ni kazi ya mikono. Nilimwinua, nikazitoa kabari za kushoto, zote tatu. Zilikuwa zimelala bapa kwa uzito wake wa wiki zote hizo. Nikachukua moja nikaipeleka kulia, nikamketisha, nikarudi nyuma, na mkono ukaenda wenyewe kwenye tableti.

"Weka chini," akasema. "Niulize kwanza."

Nikaiweka chini. Nikatambua kwamba kwa wiki sita nilikuwa nimeuliza mashine, daktari, binti yetu, uzi mwekundu na kalenda ya duka, na huyu sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia vijana wa kiwandani hivyo. Nikamuuliza anajisikiaje.

Alifumba macho. Akasema kabari isogee mbele kidogo. Nikaisogeza. Akasema imezidi. Nikairudisha nusu. Akatikisa mabega, akapeleka mkono mbavuni, nami nikasubiri nimepiga magoti sakafuni na shavu langu karibu na gurudumu. Mwishoni akasema, hapo. Nikauliza ana hakika. Akafungua macho akanitazama, nikafuta swali.

Picha ilisema digrii moja. Sikumwambia ni upande gani, wala hakutaka kujua. Alikuwa ameshaachia breki, ameshika ringi za magurudumu kwa mikono yote miwili, viwiko viko huru, anaelekea mlangoni. Sukari ilikuwa imekwisha tangu Jumanne. Nilisikia magurudumu yakiingia ukumbini, kisha yakasimama, maana lile jitu la nailoni na mikanda lilikuwa limeziba njia.

"Mzee," akaniita, "njoo ukisogeze kiti chako hiki, nipite."

Nikaenda nikakisogeza.